Sukari Imezaliwa Manyatta

Manyatta, Kisumu
Jumapili, baada ya kanisa

Mzee Okumu,

Imezaliwa. Nimeiona kwa macho yangu, juu ya kioo chako, hapa hapa uani, kwa jiko la makaa.

Uliniambia haiwezekani. Ulisema jambo hilo linataka pani, ile sufuria ya kiwandani yenye kimo cha nyumba, linataka mvuke na saa za kupimia, linataka mtu aliyewatazama wenzake miaka kumi kabla ya kuruhusiwa kugusa koki. Kumbe lilitaka sufuria ya aluminiamu na mwanamke aliyekosea mara tatu asubuhi moja.

Nitakueleza kwa mpangilio. Daftari langu liko wazi hapa mezani, na unajua nisipofuata tarehe ninajipoteza. Lakini nilitaka hilo ulijue kabla hata ya salamu.

Salamu basi. Mkeo Mama Akoth hajambo, ila mguu unamsumbua mvua ikinyesha. Chumba chenu kimepakwa rangi ya kijani, kwa sababu mkeo alisema hawezi kuendelea kuutazama ule ukuta uliokuwa ukiutazama wewe. Redio yako bado inashika stesheni moja tu. Meza yangu ya soko la Kibuye iko palepale karibu na wauza ndoo, na wateja wamekuulizia sana. Yule mshona viatu aliyezoea kunywa gilasi mbili za ndimu akiwa amesimama, nilipomwambia, aliweka gilasi chini bila kuimaliza. "Basi huyo mzee ameenda na ulimi wetu," akasema. Nilikuwa nimeanza kulia, na watu walikuwa wamepanga foleni.

Miezi minne tangu utuache, Mzee. Nimeandika kila siku isipokuwa zile siku sita za kwanza. Kurasa zake nimeziacha nyeupe.

Ukurasa wa kwanza wenye jina lako ni wa mwezi niliohamia ploti hii kutoka kwetu Bungoma. Nilikuwa nauza maji ya ndimu na ya ukwaju, nikitia sukari moja kwa moja kwenye ndoo ya maji baridi na kukoroga hadi mkono ufe ganzi. Ulinunua gilasi moja, ukainywa taratibu, kisha ukaiinua ile gilasi tupu na kunionyesha chini yake. "Nyar Bungoma," ulisema, na hapo ndipo nilipopata jina, binti wa Bungoma, "sukari yako imelala. Mtu wa kwanza anakunywa ukali, wa mwisho anakunywa sukari. Utapendwa na huyo wa mwisho peke yake."

Kesho yake ukaniita jikoni kwenu. Nilikuja na daftari. Mama Akoth alicheka: "Huyu amekuja kupika ama amekuja kortini?"

Ukurasa ule ninao hapa. Nimeandika: Sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, kikombe kiwe kilekile. Maji yatangulie. Sukari imwagwe katikati, isiguse kuta za sufuria. Koroga kabla haijachemka; ikichemka toa mwiko na usiurudishe. Funika kidogo ili mvuke uoshe kuta. Engua povu la kahawia. Kamulia nusu ndimu. Ipua. Usikwangue. Hilo la mwisho ulinifanya nilipigie mstari mara mbili.

Ilipopoa nikaipima ile shira, kwa sababu mimi napima kila kitu. Vikombe viwili vya sukari na kimoja cha maji. Nilitarajia vitatu. Nikapata viwili na tone. Nilidhani nimemwaga, nikatazama sakafu, nikapima tena. Viwili na tone. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda ukinitazama kama mtu aliyengoja miaka mingi mtu mmoja aulize swali hilo. "Kikombe kimoja kimeingia ndani ya kingine," ulisema. "Maji yana nafasi ambazo sisi hatuzioni. Sukari inazijua."

Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani muda mrefu. Nilimaliza kidato cha nne, Mzee. Nilisoma kemia na nikafaulu. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia jambo lolote kwa namna ya kunifanya nikae hivyo.

Tangu siku hiyo meza yangu ilibadilika. Chupa ya shira ilikaa kando ya jagi, kila mteja akatiwa kipimo chake, na hakuna aliyebakiwa na sukari chini ya gilasi. Nami nilikuwa na kawaida ambayo sikumwambia mtu. Kila nilipotia shira kwenye maji nilisimama kidogo kutazama ile mistari inayotetemeka inaposhuka, kama joto linavyotetemeka juu ya lami mchana. Maji ndani ya maji, na bado unayaona. Uliwahi kunikuta hivyo, mdomo wazi. Hukunicheka. Ulisimama kando yangu ukatazama nawe.

Nadhani ndiyo sababu uliniambia habari za kiwandani. Ulikuwa mpika sukari miaka thelathini na mitatu, kule kwenye mashamba ya miwa, hadi mitambo iliponyamaza. Ulisema kazi yetu hapa uani ni kinyume cha kazi yako: "Kule nilikuwa naiambia sukari itoke kwenye maji. Hapa naibembeleza irudi, na isitoke tena." Punje moja ikionekana kwenye shira ilikuwa aibu kwako. Ndiyo maana ya ndimu, na mfuniko, na kutokwangua. Punje moja kavu ikianguka ndani, ulisema, itawaita wenzake wote.

Na hapo ndipo uliponieleza jinsi inavyozaliwa. Kwamba ndani ya pani kuna maji mazito tu, mekundu na safi, na mpishi anavuta kidogo kwa fimbo ya shaba, anapaka kwenye kipande cha kioo, anakiinua kwenye taa. Hakuna kitu. Anavuta tena. Hakuna. Anatia mbegu, sukari iliyosagwa ikawa vumbi, kiasi cha kujaza kiganja tu kwa pani nzima. Anavuta tena. "Inakuja kama nyota jioni," ulisema. "Hakuna, hakuna, halafu unashtuka zimejaa. Na hujui ile ya kwanza ilikuwa ipi."

Nimeyaandika maneno hayo, Mzee. Tarehe iko. Lakini kuandika si kuamini, na hilo ndilo ninalotaka kukuomba radhi.

Wiki yako ya mwisho uliniita kando ya kitanda, ukafungua ile leso ya mirabaraba ya buluu, ukatoa kioo chako. Upana wa vidole viwili, kingo zimesuguliwa hadi hazikati. Mama Akoth alikuwa amekaa pale pale akikunja nguo. "Kishike wewe," ukaniambia. "Nilitaka uione ikizaliwa, hata mara moja. Basi." Kisha ukalala. Niliona jinsi Mama Akoth alivyokitazama kile kioo. Sikuelewa. Nilidhani ni uchungu wa kawaida.

Sasa nikuambie jambo zito, na sijui kama uliwahi kulijua.

Kule kwenu Seme, siku tuliyokuzika, mkeo alikaa mbele karibu na jeneza, na kando yake kulikuwa na kiti cha plastiki cha buluu, kitupu. Ni kile cha hapa nyumbani, chenye mguu uliounguzwa na jiko. Alikibeba kutoka Kisumu. Watu walijaa hadi wazee wakasimama juani, na kile kiti hakikukaliwa. Kila aliyekikaribia aliambiwa, "Kina mwenyewe." Nilidhani ni cha dada yake aliyechelewa. Mahubiri yakaisha, udongo ukarudishwa, watu wakala, wakatawanyika. Kiti kikabaki kitupu. Tulirudi nacho.

Wiki tatu baadaye tulikuwa uani tunachambua njugu. Akaniambia bila kuinua macho: "Nilimngoja siku nzima na hakuja."

"Nani, Mama?"

"Mwenzangu."

Unajua matanga yetu, Mzee. Mara ngapi tumeona jeneza likifunguliwa na mwanamke asiyejulikana akajitokeza, amevaa nyeusi, ameshika watoto wawili wenye paji la uso la marehemu. Mkeo alikuwa amejiandaa. "Sikutaka anikute kama mjinga," alisema. "Nilitaka aje nimwambie: keti hapa, nilijua siku zote."

Akanieleza. Kwamba shifti yako ya asubuhi ilikuwa inaisha saa nane. Wenzako walifika majumbani mwao saa tisa. Wewe ulifika saa kumi na moja, mwaka baada ya mwaka, ukinukia utamu, ukitabasamu peke yako kama mtu aliyetoka kupokea salamu. "Nilimuuliza mwaka wa kwanza," alisema. "Ulikuwa wapi, Baba Akoth? Ananiambia, nilikuwa naangalia sukari. Sukari! Wewe mwanangu, sukari inaangaliwa nini? Ina miguu? Hata uongo alishindwa kunitafutia mzuri. Sikuuliza tena."

Miaka thelathini na miwili hakuuliza tena. Alikuosha, alikupikia, alikuzalia, alikuuguza, na wakati wote huo alikuwa anaishi na mwanamke mwingine ndani ya nyumba ambaye hakuwahi kumwona. Na ulipotoa kile kioo ukanipa mimi, alidhani ni kitu cha huyo mwanamke. Aliniambia hivyo.

Nilipaswa kumjibu palepale. Uliwahi kuniambia kwamba shifti yako ikiisha ulikuwa unabaki juu kule, kumtazama mpishi anayekupokea akizalisha ya kwake. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nisamehe, Mzee. Nilijiuliza: masaa mawili? Kila siku? Mtu mzima, aliyetoka kuifanya kazi hiyohiyo kutwa? Nikasema, "Sijui, Mama." Neno hilo limenikaa kooni miezi yote hii.

Basi, Jumanne.

Nilianza kupika saa tatu asubuhi, kiasi cha kawaida mara nne. Kosa la kwanza: sikuwa na ndimu, nilikuwa nimezikamua zote kwa ajili ya jagi, nikasema leo itaiva bila. Kosa la pili: mkokoteni wa maji ulifika getini, Mama Akoth akaniita nisaidie mitungi, nikaenda nikaiacha sufuria wazi kwenye moto, na upepo ukaupuliza mkaa. Niliporudi sauti ya mchemko ilikuwa imebadilika. Mapovu yalikuwa makubwa na ya uvivu. Nikaipua kwa hofu nikaiweka chini ipoe, na pale kwenye kuta nikaona ukoko mweupe wa sukari. Hapo ndipo kosa la tatu. Nilichukua mwiko nikakwangua, Mzee. Neno nililolipigia mstari mara mbili. Nikakwangua nikakoroga.

Kisha, kwa mazoea tu, nikafungua leso, nikadondosha tone kwenye kioo, nikakiinua kuelekea mashariki, juu ya paa la jirani, kuhakikisha hakuna punje.

Hakukuwa na punje. Tone lilikuwa la rangi ya asali, safi, na ndani yake niliona antena ya jirani ikiwa imepinda. Nikataka kukishusha. Halafu kitu kikametameta. Nikadhani ni vumbi. Kikametameta kingine kando. Nikakiinamisha kioo kidogo, na...

Nimejaribu sentensi hii mara tano na nimezifuta zote. Ulisema vizuri zaidi. Hakuna, hakuna, halafu zimejaa. Tone zima. Zimejipanga bila kugusana, kila moja na mwanga wake, mahali ambapo sekunde moja nyuma nilikuwa naona antena. Hakuna aliyezileta. Zilikuwa humo wakati wote zikiwa maji. Nikakishika kioo kwa mikono miwili.

Nilipotazama chini, shira yote ilikuwa inapata ukungu. Ulianzia pale mwiko uliposimama, ukaenda taratibu kuelekea kuta, kama vile mtu anavyopumua kwenye dirisha.

Shira ya siku nzima ilikuwa imeharibika na sikujali hata kidogo. Nilisema kwa sauti, peke yangu pale uani, "Mzee, njoo uone." Ndipo nilipokumbuka.

Nikakaa chini nikalia sana. Mama Akoth alichungulia dirishani. "Umeungua?" Nikasema ndiyo.

Lakini nilipokuwa nalia wazo lilinijia, na tangu dakika ile sikutulia. Kama inaweza kuzaliwa kwa bahati mbaya, inaweza kuzaliwa kwa kukusudia. Na kama inaweza kuzaliwa kwa kukusudia, kuna mtu mmoja lazima aione.

Nikaongeza maji kwenye sufuria, nikaipasha moto polepole, punje zote zikarudi zilikotoka. Hakuna kilichopotea. Watu wa Kibuye waliinywa ile shira kesho yake na hakuna aliyejua kwamba iliwahi kuzaliwa na kurudi tumboni.

Jumatano nilijaribu. Haikuja. Nilikuwa nimeweka ndimu kwa mazoea, mkono wangu ni mwanafunzi wako kuliko kichwa changu. Alhamisi niliipika kupita kiasi. Ilikuja yote kwa pamoja kama ngumi, ikaganda na mwiko ukiwa umesimama katikati. Mama Akoth alipita na fimbo yake, akaugonga ule mwiko, haukusogea. "Sasa umeacha juisi," alisema, "unapika simiti?" Ijumaa nilipata. Nimeandika: Iive hadi tone livute uzi wa urefu wa kidole. Ipoe bila kuguswa, hadi kiganja kivumilie ubavu wa sufuria. Sukari iliyosagwa, bana kwa vidole viwili, usizidishe. Koroga taratibu. Tazama.

Jana Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, nilimwomba Mama Akoth atoke nje na miwani yake. Alitoka akinung'unika kwamba maharagwe yako motoni na mguu unamuuma. Nikamletea kiti kilichokuwa karibu. Ni cha buluu. Akakitazama, akakataa, akabaki amesimama ameegemea ukuta.

Nikatia mbegu. Nikadondosha tone. Nikampa kioo.

Alikishika kama mtu aliyepewa barua isiyo yake. "Nifanye nini nacho?"

"Kiinue juu, Mama. Tazama."

"Sioni kitu."

"Ngoja."

"Nangoja nini? Naona antena. Hii antena imepinda kweli ama ni macho yangu?"

"Ngoja tu, Mama."

"Wewe mtoto, maharagwe yangu..."

Hakumaliza. Nilikuwa namtazama yeye, si kioo. Niliona kidevu chake kikishuka. Niliona mkono uliokuwa unashika fimbo ukiiachilia, fimbo ikaanguka, na hakuisikia. Alikaa hivyo, kioo kimeinuliwa, muda ambao sikuupima. Ndiyo mara ya kwanza sikupima.

"Nyasaye," alisema polepole. Mungu. Kisha akanirudishia kioo, akasema neno moja: "Tena."

Tukafanya tena. Alitaka kuipata ile ya kwanza. Alisema safari hii atakodoa macho asipepese, ataiona inavyoingia. Hakuiona. Tena. Tukabishana, yeye akisema ilitokea kona ya juu, mimi nikisema katikati. Shira ikiisha kuganda niliongeza maji, nikaipasha, nikaipika upya, na tulipokuwa tunangoja ipoe hakuna aliyetoka kwenda popote. Nilijaribu kupiga picha kwa simu na ikatoka mwanga mtupu. "Achana na simu," aliniambia, "itakupita." Alikuwa anatabasamu, Mzee. Peke yake. Kama mtu aliyetoka kupokea salamu.

Kisha harufu ikatufikia. Maharagwe yalikuwa yameungua hadi sufuria imekuwa nyeusi.

"Saa ngapi?" akauliza.

Nikatazama simu. "Saa sita na nusu."

Alitazama jiko, akatazama kioo, akatazama mikono yake iliyonata. Nilimwona akihesabu.

"Tulitoka saa nne," alisema.

"Saa nne kamili, Mama. Nimeandika."

"Masaa mawili."

"Mawili na nusu."

Aliegemea ukuta, akafumba macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo, nilikuwa na kurasa zenye tarehe za kumsomea, kila ulichoniambia. Sikuzihitaji. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo sana, "Kumbe alikuwa ananiambia." Halafu: "Kwa nini hakunibeba nikaone?"

Nilimwambia ulichoniambia, kwamba wanawake hawakuruhusiwa kupanda kule juu. "Basi si angenieleza vizuri," alisema. Labda ulimweleza vizuri, Mzee. Ulimwambia ulikuwa unaangalia sukari. Nami nimejaza kurasa tatu na bado sioni ulichobakiza bila kusema.

Kisha alifanya jambo ambalo nitalikumbuka hadi siku nitakapozikwa mimi. Aliinama, akaishika ile sufuria iliyokuwa imejaa punje, akaibeba kwa kanga, akachechemea nayo hadi kwenye kile kiti cha buluu, akaiweka juu yake. Akarudi nyuma hatua moja, akaitazama juu hadi chini kama mtu anavyomkagua mgeni.

"Haya keti, mwenzangu," akaiambia. "Umenisumbua miaka mingi. Na kweli wewe ni mzuri."

Akaanza kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu uondoke. Alicheka hadi akashika ubavu, hadi mama wa chumba cha pili akatoka kuuliza kuna nini. Na katikati ya kicheko akaanza kukuita kwa jina, wewe Okumu, wewe Okumu, na hapo kilikuwa si kicheko tena. Nilimshika. Tulikaa chini sote wawili, pale kwenye simiti, tunanata.

Leo kanisani aliinuka wakati wa ushuhuda. Watu walitegemea atashukuru kwa mguu. Akasema anamshukuru Mungu kwa mume aliyesema kweli, akaketi. Hakuna aliyeelewa, lakini walipiga makofi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, Mzee. Nimechelewa kusema nililopaswa kusema tukiwa kwenye njugu, lakini limesemwa, na limesemwa na sukari yenyewe, ambayo inajua kuzungumza kuliko mimi.

Pumzika kule Seme, upande ule unaolitazama ziwa. Ninakuahidi mambo mawili. Siku zote za mwaka nitaizuia kama ulivyonifundisha: mfuniko, ndimu, nisikwangue, na hakuna mteja wa Kibuye atakayekuta punje kwenye gilasi yake. Na siku moja kwa mwaka, siku uliyotuacha, nitaiacha izaliwe, Mama Akoth akiwa kando yangu, na siku hiyo hatutapika kingine chochote. Kioo kiko kwenye leso yako. Leso anaifua yeye.

Kile kiti anakikalia sasa, mguu umenyooshwa juu ya kigoda chako. Bado kinanata kidogo. Amekataa nikioshe.

Mimi,
Nekesa, uliyemwita Nyar Bungoma